Alikamata Mali Yetu

Mlangoni mwa Bunge la Uganda, jijini Kampala, lugha iliyonipokea ilikuwa Kiswahili.

"Wewe kijana, toa mkanda. Simu weka hapa. Unaenda wapi?"

Nilijibu kwa Kiswahili cha darasani, kile kilichopigwa pasi: "Ninakwenda katika idara ya Hansard, afande. Mimi ni mwanafunzi, nimekuja kwa mafunzo ya vitendo."

Yule askari alinitazama kama mtu aliyesikia redio ikimwamkia. Akamgeukia mwenzake: "Huyu ametoka Tanzania." Nikasema, hapana, natoka Kitswamba, wilaya ya Kasese. Wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilipofika na kadi yangu ya mgeni shingoni, waliniita Mtanzania.

Ukipita mlango ule, Kiswahili kinabaki nje na viatu vya askari. Kwenye korido utasikia Kiganda, Kinyankore, Kiacholi na Kiteso. Kwenye kantini utasikia zote kwa pamoja. Ndani ya ukumbi wenyewe ni Kiingereza. Katiba yetu ya mwaka 1995, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Kwa hiyo nyumba hii hii ndiyo iliyopewa kazi ya kukifungulia mlango. Mimi nilifika Juni 2022 na bado kilikuwa getini, kinakagua mabegi.

Watu wengi wanadhani Bunge ni wabunge. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini wabunge wanakutana ukumbini Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa nane mchana, na kabla ya saa hiyo jengo lina watu wengine kabisa. Asubuhi na mapema utakuta akina mama wa usafi wakivuta mashine juu ya zulia, huku wakisimuliana habari za ada za shule. Fundi wa sauti anapita kiti kwa kiti akigonga vipaza sauti kwa ukucha. Makarani wanapanga karatasi za kamati, kwa maana asubuhi ndiyo saa ya kamati. Saa nne watu wanatafuta chai ya maziwa na chapati. Mchana kengele inalia, na watu wa suti wanaanza kutembea haraka. Kengele hiyo hulia pia akidi isipotimia, na hapo shughuli husimamishwa dakika 15 kusubiri waheshimiwa wapatikane. Sisi wa chini tuliipenda kengele ya namna hiyo, kwa sababu mwenye kikombe cha chai alipata nafasi ya kukimaliza.

Hansard ni jina la mchapaji wa London wa zama zile, na sasa ni jina la kila neno linalosemwa bungeni likaandikwa. Kazi yenyewe haina fahari yoyote. Unakaa mbele ya kompyuta, unavaa vifaa vya masikioni vilivyochakaa sponji, na unapewa kipande cha sauti cha dakika chache. Unasikiliza, unasimamisha, unarudisha nyuma, unaandika. Mheshimiwa mmoja anakohoa juu ya neno muhimu la mwenzake. Mwingine anataja takwimu huku amekipa kipaza sauti kisogo. Dakika tano za maneno zilikuwa zinanila saa nzima. Baadaye mhariri anapitia. Mhariri wangu, ambaye sote tulimwita Madamu, alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila alipopita nyuma ya kiti changu: "Msafishe mtu maneno yake, lakini usimvishe nguo za mtu mwingine." Yaani ondoa kigugumizi, rekebisha sarufi iliyoteleza, lakini maana ibaki ya mwenyewe.

Nilikuwa na daftari langu dogo. Kila kitu nilichokiona ndani ya jengo nilikitafutia jina la Kiswahili, nikisaidiwa na desturi ya Dodoma, ambako Bunge linaendeshwa kwa Kiswahili. Spika ni Spika. Karatasi ya mambo ya siku ni orodha ya shughuli. Afisa anayemtangulia Spika ni mpambe. Na ile fimbo nzito anayoibeba, ambayo bila kuwapo kwake mezani kikao si kikao, Dodoma wanaiita siwa. Siwa, kama tulivyosoma, ni baragumu la enzi, lile la shaba la Lamu na lile la pembe ya ndovu la Pate. Nililipenda neno hilo mno. Nikamuuliza afande wa getini yeye angeiitaje ile fimbo. Hakufikiri hata kidogo: "Hiyo ni rungu." Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba asili ya fimbo hiyo huko Ulaya ilikuwa silaha ya vitani kweli. Nikaandika maneno yote mawili, siwa na rungu.

Siku nyingine nilitumwa kupeleka karatasi kwenye vijisanduku vya wabunge, zile nafasi ndogo za mbao ambamo kila mheshimiwa hutiliwa nyaraka zake. Siku hizi wana vishikwambi, lakini karatasi haijafa. Nilikuwa nimesoma habari za vijisanduku kabla sijaviona. Tarehe 15 Aprili 1966, askari wakiwa wamelizunguka Bunge, Milton Obote aliwapitishia wabunge katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma, akawaambia nakala zao watazikuta vijisandukuni. Mpaka leo inaitwa katiba ya vijisanduku. Basi nilisimama pale na rundo langu la karatasi, nikizitumbukiza moja moja, na kila moja ikitoa mlio mdogo ikigusa mbao.

Hapa inabidi nimtaje babu yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya niiogope karatasi. Sisi ni Wakonzo, na babu alikuwa kijana mwaka 1962, wakati Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya utawala wa Toro. Shuleni na kanisani lugha ilikuwa Kitoro. Wajumbe wetu katika baraza la Toro, lile Rukurato, walitaka makabila yetu yatajwe kwa jina katika katiba ya ufalme. Walikataliwa. Wakasimama, wakatoka nje: Isaya Mukirane, Peter Mupalya, Yeremiya Kawamara na wenzao. Juni 30 mwaka huo huo Mukirane akatangaza Rwenzururu kuwa nchi yake yenyewe, na milima ikajaa vita kwa miaka mingi. Babu hakuwa na habari ndefu. Alikuwa akisema tu kwamba vita vile vilianza kwa jina lisiloandikwa. Na kila mtu aliporudi kutoka mkutano wowote, wa parokia au wa chama cha ushirika, hakumuuliza wamesema nini. Alimuuliza: "Wameandika nini?"

Nilipomwambia nakwenda kufanya kazi mahali panapoandikwa maneno ya nchi nzima, aliinua kofia yake kidogo. Kwake hiyo ni pongezi kubwa.

Basi Julai ikaingia. Jumatatu ya tarehe 4 Baraza la Mawaziri lilikaa, na kesho yake tukasikia kwamba limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tarehe 7 dunia ikaadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza. Kwenye kantini watu walianza kusalimiana kwa mzaha, "Habari yako, mheshimiwa," "Nzuri sana, mheshimiwa," na wapishi wakajiunga. Lakini dereva mmoja mzee hakucheka. Aliweka kijiko chini akasema, "Mimi Kiswahili nilikisikia mara ya kwanza kikitoka kwa mtu mwenye bunduki." Wenzangu mnajua historia hiyo. Idi Amin alilifunga Bunge mwaka 1971, akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi walikijua kama lugha ya kizuizi cha barabarani. Nilitamani kumjibu yule mzee kwa hoja zetu za darasani. Nilikunywa chai yangu.

Wiki iliyofuata Madamu alikuja mezani kwangu na faili ya sauti. Wafanyabiashara wa mpakani walikuwa wamefika mbele ya kamati moja. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja wa Bwera, na mama huyo alikuwa amesema Kiswahili. Mtu mmoja chumbani alimfasiria kwa kifupi sana, sentensi mbili tu, lakini kumbukumbu ilihitaji maneno yake kamili. "Wewe ndiye Mswahili wetu," Madamu alisema. Sitaficha kwamba nilijisikia vizuri. Kwa wiki tano nilikuwa kijana wa karatasi. Sasa nilikuwa mtaalamu.

Nilikuwa na sauti tu, sikuiona sura. Mama yule alianza kwa Lhukonzo, kiti kikasogezwa, mwenyekiti akauliza kwa Kiingereza kama kuna mkalimani. Kimya. Kisha mama akasema, "Basi niseme Kiswahili. Si ndiyo lugha ya serikali sasa?" Watu wakacheka chumbani. Sauti yake ilikuwa sauti ya soko la Mpondwe kabisa, ile Swahili inayovuka daraja kutoka Kasindi na Beni pamoja na mafuta ya mawese. Alisimulia mafuriko ya mwaka 2020. Akasema hivi, na haya niliyasikiliza mara nyingi baadaye hata sitayasahau:

"Ile siku maji ya Lhubiriha ilikuja usiku. Mukubwa wa soko alikamata mali yetu yote, akaingiza mu nyumba yake. Mungu anamuona ule muzee. Sasa tunaomba serikali itujengee depo."

Nilifasiri kwa Kiingereza safi. Niliandika kwamba usiku wa mafuriko mkuu wa soko aliwanyang'anya wafanyabiashara bidhaa zao zote na kuziweka nyumbani kwake, kwamba Mungu anayaona matendo ya mzee huyo, na kwamba ndiyo sababu wanaiomba serikali ghala. Ile "ndiyo sababu" niliiongeza mimi, kwa kuwa niliona inaunganisha mambo vizuri. Mtu anaiba, kwa hiyo ghala linahitajika. Habari ilikuwa imekaa sawasawa. Madamu, ambaye hajui Kiswahili zaidi ya salamu, aliisoma, akasifu Kiingereza, na rasimu ikapelekwa kwa karani wa kamati.

Siku mbili baadaye, jioni, nilikuwa kwa mjomba wangu Nansana. Mama alinipigia simu. Mama yangu alizaliwa upande wa Congo, huko Mutwanga, na akaolewa Kitswamba. Nyumbani tunasema Lhukonzo, lakini mambo ya pesa mama huyasema kwa Kiswahili, kwa sababu pesa anazipata Bwera siku za soko akiuza vitenge, na ni kama mambo hayo hayana lugha nyingine kwake.

"Nimekutumia 20,000 ya teksi. Umekamata?"

"Bado, mama, mtandao unasumbua."

"Ukikamata uniambie."

Nikakata simu. Nikakaa kitandani nikiwa na simu mkononi, na masikio yakaanza kuniwaka moto.

Kamata. Utoto wangu wote niliambiwa kamata kikombe, kamata mtoto, kamata hii soda umupelekee baba. Mama aliposema mteja "alikamata kitenge" hakuna aliyekimbilia polisi. Kamata ni chukua, ni pokea, ni shika. Nilikuwa nalijua neno hilo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Halafu nikaenda chuo. Katika insha yangu ya kwanza ya mwaka wa kwanza niliandika "nilikamata barua ya kuitwa chuoni," na mwalimu akalizungushia neno wino mwekundu, pembeni akaandika: nilipokea. Mwalimu alikuwa na haki, na akisoma hapa ajue simlaumu. Kwa Kiswahili sanifu, mwenye kukamata ni polisi, na anayekamatwa ni mwizi. Nilijifunza somo hilo vizuri mno. Nililijifunza hata mama mmoja wa nyumbani aliposema neno la nyumbani, masikio yangu hayakumsikia yeye, yalisikia kamusi.

Na "Mungu anamuona"! Nilidhani ni laana. Lakini mama husema hivyo hivyo jirani akimletea kuni wakati wa mvua. Mungu anakuona, yaani Mungu atakulipa.

Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi nilipanda teksi ya kwanza hadi Wandegeya, kutoka pale nikatembea karibu na kukimbia. Afande alishangaa: "Mtanzania, leo umekuja kufagia?" Nilimsubiri Madamu mlangoni mwa idara. Nilidhani atanifukuza. Yeye alivua koti, akaketi, akasema, "Weka tena."

Tukasikiliza sote wawili, kila mtu na sikio moja.

"Una hakika gani?" aliuliza.

"Mama yangu husema hivyo."

"Mama yako si kamusi."

Sikuwa na jibu. Alifikiri kidogo, kisha akampigia karani wa kamati, akaomba namba ya simu ya yule mama wa Bwera, akanipa mimi simu. Niliongea Kiswahili, lakini safari hii kile cha kwetu. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni mtoto wa Kitswamba, mama yangu anauza vitenge pale pale, nikamuuliza taratibu: usiku ule wa maji, mukubwa wa soko alifanya nini hasa?

"Ule muzee? Alitoa mali yetu mu maji! Magunia juu ya kichwa yake. Akalala inje, mali ikalala mu nyumba. Asingekuwa ule muzee tungekufa na deni."

Nikamwambia kwamba kwa bahati mbaya mimi nilielewa vingine, nikaandika kama kwamba aliiba. Nilitegemea atacheka au atanitukana. Alinyamaza. Nilisikia kuku na pikipiki kwa nyuma. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo:

"Imeandikwa wapi hiyo? Imefika Bwera?"

Nikamjibu haijafika. Nilikuwa naomba iwe kweli.

Tulirekebisha rasimu asubuhi ile ile. Madamu alikaa nami neno kwa neno, na nilipofika kwenye "ndiyo sababu" aliigusa skrini kwa kalamu: "Hii umeitoa wapi?" Nikaifuta. Yule mama hakusema ghala linahitajika kwa sababu ya mwizi. Alisema mzee mmoja mwenye nyumba ndogo alifanya kazi ya ghala, na mwaka mwingine huenda maji yakaja mzee hayupo. Rasimu ya kwanza ilikusanywa, nami mwenyewe nilitumwa kwenda kuchukua nakala moja baada ya nyingine. Zote zilipatikana.

Lakini jana yake kamati ilikuwa imekaa tena. Mheshimiwa mmoja, ambaye alikuwa ameisoma rasimu yangu kwa makini kuliko wengine, alikuwa ameuliza kwa uchungu kabisa hatua gani zimechukuliwa dhidi ya viongozi wa masoko wanaowapora akina mama wakati wa maafa. Lilikuwa swali zuri. Alilisema, likarekodiwa, na kazi yetu ni kuandika lililosemwa. Nilimuuliza Madamu kama tunaweza kuliondoa. Alinitazama tu. Kwa hiyo maneno ya yule mama sasa yako sawa, na mbele yake kuna swali la hasira ambalo atakayelisoma hataona lilizaliwa na nini. Lilizaliwa na mimi. Sehemu hiyo ya sauti nilipewa mimi niiandike, na niliiandika yote, bila kuisafisha sana.

Katika daftari langu, baada ya siwa na rungu, niliandika kamata, nikaacha ukurasa mzima mtupu chini yake.

Agosti nilirudi nyumbani. Babu aliniuliza swali lake, nami nikamsimulia yote. Hakusema kitu kuhusu kosa langu. Alitaka tu kujua kama karatasi ya kwanza ilichomwa au iliwekwa kabatini, na nilipomwambia sijui, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Siku ya soko nilishuka Bwera na mama kumbebea vitenge. Karibu na adhuhuri aliniita nimsalimie mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia la maharage, fimbo katikati ya magoti. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mama akasema kwa majivuno, "Huyu mutoto wangu alikuwa Bunge, Kampala."

Mzee akanitazama vizuri. "Kule munaandikaka yote watu wanasema?"

"Yote, muzee," nikasema, na macho nikayateremsha.

Alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba. Akaukata vipande viwili, akaninyooshea kile kikubwa.

"Kamata," akasema.